Siku Uliyoiambia Mahakama Kuwa Mwezi Ulikuwa Mpevu

Wala si kweli kwamba wewe ndiye uliyemfunga. Jana jikoni nilishindwa kukujibu kwa sababu vitunguu vilikuwa vinaungua na wewe ulikuwa umeshanipa mgongo, lakini nililala na jibu hilo na nimeamka nalo. Sasa umekwenda Kibirizi kuwaaga rafiki zako, nyumba imetulia, jua bado liko juu ya paa la jirani, na mimi nimekaa mlangoni na daftari lako la zamani la Jiografia, lile ambalo kurasa za nyuma hukuzimaliza. Acha niandike kabla hujarudi. Nikikuambia kwa mdomo nitalia, na ukiniona nalia utasema, "Mama, basi," na hapo ndipo tutakapoishia, kama kawaida yetu.

Ulisema hivi, nakumbuka kila neno: "Mimi nilimfunga baba yangu nikiwa nimevaa sare za shule. Sasa niende Dar es Salaam kusomea sheria, kusomea kufunga watu wengine? Nikifika nabadilisha kozi. Nasomea ualimu."

Hadija mwanangu, ualimu ni kazi nzuri na sina neno nao. Lakini usiuchague kwa sababu ya kuikimbia siku ile. Kesho unapanda treni, na barua hii utaikuta kwenye begi, chini ya kile kitenge cha kijani. Mambo ya nguo na chakula na kufunga mlango sikuandikii; hayo nimeyasema tangu ukiwa na miaka mitano na bado mlango unauacha wazi. Nataka tu uijue siku ile kama ninavyoijua mimi, maana mwongo wa siku ile alikuwa mimi.

Ulikuwa kidato cha kwanza baba yako alipovuka ziwa. Unajua ndugu za mama yake wote wako ng'ambo, upande wa Kongo. Ililetwa habari kwamba kijiji chao kimechomwa na mjomba wake aliyemlea amekufa. Amisi akasema anakwenda kuzika, siku saba, akizidi sana kumi. Nikamfungia unga wa muhogo na chupa ya mawese, nikamsindikiza mpaka kwenye boti. Alivaa shati la bluu. Hata siku ile nilimwona mzuri, nisamehe, mama yako ndivyo alivyo.

Alikaa miezi minane. Hakupita kwa watu wa uhamiaji kwenda wala kurudi. Aliporudi alikuwa na kovu begani na alikuwa hawezi kukaa na mgongo wake kuelekea mlango. Wewe ulimuuliza mbele yangu, "Baba, ulikuwa wapi?" Akakujibu bila kuficha, kwa sababu hajawahi kukudanganya: "Nilikuwa vitani, mama. Usimwambie mtu." Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nilijifanya sikusikia.

Halafu ikaja ile picha. Mtu aliikuta kwenye simu ya mtu mwingine, ikazunguka mjini mpaka ikafika polisi: baba yako amesimama na vijana sita, ana bunduki, na pembeni imeandikwa tarehe. Akakamatwa. Mashtaka yalikuwa mawili: kushiriki katika vita vya nchi nyingine bila idhini ya serikali yake, na kutoka nchini kinyume cha taratibu. Mimi na form four yangu sikuwahi kujua kama kuna kosa la namna hiyo. Nilidhani kosa ni kuua mtu hapa kwetu. Nilidhani vita vya ng'ambo ni vya ng'ambo.

Wakili wetu, yule kijana mwembamba aliyekuwa anapenda kula samaki wetu wa migebuka kwangu, alituambia kwamba duniani mahakama hazifanani kwenye jambo hili. Kuna nchi zinazomvua raia wake uraia akienda kupigana kwingine, zikamwacha hana pa kurudi. Kuna zinazomfunga miaka mingi. Na kuna zinazofumba macho kama vita vyenyewe vinawapendeza wakubwa, kisha zikayafumbua vikiacha kuwapendeza. Wewe ulikuwa unamenya viazi. Ukainua kichwa ukamuuliza, "Sasa mtu anajuaje kabla hajaenda?" Wakili akaacha kutafuna. Akasema, "Hilo, mdogo wangu, hata mimi silijui." Mimi niliona umemkatiza mgeni chakula. Leo nikikumbuka nafurahi mpaka nacheka peke yangu hapa mlangoni. Miaka kumi na tano, na kisu cha viazi mkononi!

Wakili hakuniomba niseme uongo. Hilo ulijue, usije ukakutana naye huko mjini ukamnunia. Aliniuliza tu kama kuna mtu anayeweza kuthibitisha Amisi alikuwa wapi siku ya ile tarehe. Nikasema upo ushahidi, tena ninao mimi. Nikasema usiku ule alikuwa ziwani anavua dagaa, na asubuhi nilimpokea mwenyewe ufukweni. Na binti yangu pia alikuwepo.

Nilipofika nyumbani nikakukalisha kitandani kwangu.

"Utasema baba alikuwa anavua dagaa usiku ule."

Ukahesabu kwa vidole. "Mama, tarehe ile mwezi ulikuwa mpevu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna aliyeingia ziwani. Mwezi ukiwaka hivyo dagaa hawaifuati taa. Boti zote zilikuwa juu mchangani. Hata sisi tulikuwa hatuna cha kuanika."

"Hakimu ametoka Singida," nikakwambia. "Anajua nini habari za dagaa na mwezi? Kwao wanafuga kuku."

Hukucheka. Na mimi niliyeishi kwa dagaa maisha yangu yote, ninayejua siku za kupumzisha nyavu kuliko ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa, nilikuwa nimejisahau kiasi hicho. Nilitaja usiku ambao ufuo mzima wa Kibirizi ungeweza kunisuta.

Siku ya ushahidi wewe ulikaa nje kwenye benchi, kwa sababu shahidi haruhusiwi kusikia wengine wanasema nini. Kwa hiyo hukuona aibu yangu, na nimekaa miaka hii yote bila kukusimulia. Nilipandishwa kizimbani, nikashika msahafu, nikasema. Nilipofika kwenye "alikuwa anavua dagaa," nikasikia kikohozi nyuma. Kisha kingine. Waanikaji wenzangu walikuwa wamejaa mle ndani, walikuja kwa ajili yangu, na walikuwa hawajui waweke wapi macho yao. Mama Saidi alijifunika uso na mtandio. Kijana mmoja akashindwa, akacheka. Hakimu akauliza kuna nini, watu wote kimya. Wakili wa serikali alikuwa anafunua makaratasi yake, wala hakushtuka. Nikashuka nimejiambia nimeshinda.

Ndipo ukaitwa wewe.

Ulikuwa na soksi nyeupe. Uliapa kwa sauti ndogo. Wakili wetu akakuuliza usiku ule baba yako alikuwa wapi, nami nikaanza kuomba dua. Kisha ukasema, "Mheshimiwa, usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Hakuna aliyevua." Hakimu akaweka kalamu chini. Akakuuliza, taratibu kabisa, mwezi una uhusiano gani na kesi. Ukamweleza. Ukamweleza habari za taa na dagaa kama mwalimu, mpaka wakili wa serikali akawa anaandika. Hakimu akasema, "Kwa hiyo baba yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa Kongo. Aliniambia alikuwa vitani."

Unakumbuka nilichofanya. Nilisimama nikapiga kelele, "Hadija, umeniua!" Askari wa kike akanishika mkono akanitoa. Nikiwa mlangoni niligeuka nikamwona baba yako kizimbani, na hili ndilo ambalo sikuwahi kukuambia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yameshuka, yale mabega yaliyokuwa yamekaza tangu arudi. Alikuwa kama mtu aliyetua mzigo. Niliona kwa macho yangu na bado nikachagua kukasirika.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kusema kesi ilipotajwa tena. Wakili akamvuta shati, akamwambia, "Kaa chini, kaka," hakukaa. Akasema alikwenda kuzika, akakuta vijana wa ukoo wanalinda majivu ya nyumba zao, akaona haya kuwaacha. Akasema alipewa bunduki. Alipoulizwa kama aliitumia, akasema ndiyo, gizani, na hajui kama ilimpata mtu, na kwamba kutojua huko ndiko kunakomnyima usingizi. Akasema siku wenzake walipoanza na wao kuchoma nyumba za upande wa pili, aliiweka bunduki chini kando ya kisima akatembea mpaka ziwani. Hakuomba kuonewa huruma. Akasema, "Mwanangu amesema kweli. Mke wangu alisema vile kwa kunipenda."

Kwa kunipenda! Mbele ya umati wote ule. Nami nilikuwa nimesimama nje dirishani, nimemnunia.

Wakili alijitahidi, masikini. Alisema mwanajeshi akitumwa na serikali kupigana nje, akirudi anapigiwa bendi; huyu alikwenda kwa ajili ya damu yake, je, tumwite mhalifu? Hakimu alisikiliza vizuri. Halafu akasema mahakama yake haiwezi kuhukumu vita vya jirani, nani alianza na nani alionewa, hilo haliko mezani kwake. Kilichoko mezani kwake ni raia. Akasema raia akibeba bunduki nchi ya watu, anabeba na jina la nchi yake, na jina hilo si lake peke yake, ni la kila mvuvi anayevuka ziwa kwa amani na anayetaka kupokelewa kwa amani. Nililichukia neno lile siku ile. Nimeliwaza miaka minne na sijaona pa kulipinga, ingawa bado naona kuna kitu alichokisema wakili ambacho nacho hakikujibiwa. Labda wewe utakijibu. Ndiyo sababu nataka uende.

Akapewa miaka minne. Ukiondoa msamaha wa tabia njema alikaa miaka miwili na miezi minane.

Na sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ni kubwa kuliko la kizimbani. Nilikupeleka Kalinzi kwa mama yako mdogo. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya shule, kwamba huko juu kuna hewa nzuri na utulivu. Ulikuwa huhitaji hewa. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kukuona ukila ugali wangu. Likizo ulipokuja nilikuwa nakupa kazi za kuanika ili tusikae pamoja. Uliniamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," na mimi nilijibu "marahaba" huku naangalia pembeni. Ulikuwa mtoto, ulikuwa umesema kweli, na mimi nilikufanya ujione kama umefanya kitu kibaya. Kwa hiyo yale maneno ya jana, "mimi nilimfunga baba," siyo maneno yako. Niliyapanda mimi. Nayaomba unirudishie.

Na baba yako nilimdai talaka. Ndani ya mwezi wa kwanza tu, kwa hasira na kwa aibu ya watu. Akaniandikia moja, bila neno la lawama.

Zaidi ya mwaka ukapita ndipo nikaenda kumwona gerezani, na hata hapo nilikwenda kwa sababu ya karatasi za kiwanja. Alinisalimia, akauliza, "Mtoto?" Nikasema uko Kalinzi. Akaniangalia sana.

"Zaituni, ulimpeleka kwa sababu alisema?"

Nikakunja zile karatasi za kiwanja.

"Mimi humu nalala," akasema. "Tangu siku ile aliposema, nalala. Nilikuwa sijui nitaanzia wapi kusema, akanianzia yeye. Nenda kamchukue mtoto."

Ndiyo maana siku ile nilitokea Kalinzi ghafla na begi tupu, na mama yako mdogo akadhani nimefiwa.

Basi alipotoka, mwanangu, sasa nikuambie habari nzuri, maana mkono wangu umechoka na mambo mazito na moyo unaruka! Alipanga chumba Ujiji. Hakuja kwangu. Alinitumia salamu kwa Mama Saidi kama kijana wa miaka ishirini. Mama Saidi akaja anacheka, "Kuna mchumba anakuulizia, ana mvi, lakini meno yote yapo." Kisha akawa anakuja mchana pale tunapoanika, anaomba kazi ya kugeuza dagaa. Hakuwa anaongea. Anageuza, anaondoka, na kwenye kona ya chanja langu la kuanikia anaacha mgebuka mmoja umefungwa kwenye jani. Kila siku mgebuka mmoja. Wanawake wakaanza kunitania, "Zaituni unavuliwa." Nami nilikuwa naanza kupaka wanja kwenda kuanika dagaa, Mungu anisamehe, na miaka yangu arobaini na mbili.

Alipoleta posa, juu ya mahari niliongeza sharti moja. Nilijua ana nakala ya hukumu, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni. Nikasema atanisomea yote, toka mstari wa kwanza mpaka mhuri, kwa sababu siku ile mimi nilikuwa nje dirishani. Akakubali. Tulitumia alasiri nne, tumekaa hapa hapa mlangoni watu wakipita. Wengine waliambiwa maneno matamu wakichumbiwa; mimi nilisomewa "mshtakiwa" na "upande wa mashtaka," na sijawahi kupendwa namna ile. Pale ilipotajwa bunduki hakuruka. Pale ulipotajwa uongo wangu nilimwambia, "Rudia," akarudia.

Alasiri ya nne tukafika mahali panapokuhusu wewe. Sikujua kama pamo. Hakimu ameandika kwamba kati ya mashahidi wote alimwamini zaidi yule mwenye umri mdogo, na kwamba kwa sababu ya maneno yake mshtakiwa alipata ujasiri wa kusema kweli, na kwa kuwa alisema kweli, adhabu imepunguzwa. Imepunguzwa, Hadija. Soma mwenyewe, nimekuwekea nakala pamoja na barua hii. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema ikufuate. Aliniambia, "Huyu ndiye wakili wangu wa kwanza, mpe karatasi zake."

Sasa unaelewa kwa nini usiponiona nikilia ni kwa kujikaza tu? Mtoto wa mwanika dagaa yumo ndani ya hukumu ya mahakama, na amesifiwa. Nimemsomea Mama Saidi. Nimemsomea fundi cherehani. Ningekuwa na spika ningetangaza mpaka Kidahwe.

Wiki tatu zilizopita nikaolewa! Nimeolewa na mume wangu! Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kufurahi hivi kwa kitu alichokuwa nacho zamani. Mama Saidi alisimama katikati ya watu akasema, "Bibi harusi wa zamani, bwana harusi wa zamani, pilau tu ndiyo mpya," na baba yako akacheka mpaka akakaa chini. Hina yangu bado haijafutika, naiangalia hapa ninapoandika. Wewe ulisema tumbo linakuuma ukabaki kwa rafiki yako. Sikulaumu. Lakini yeye alikuwekea sahani, akaifunika, na haikuguswa na mtu mpaka kesho yake.

Hajui kama unataka kumwona, ndiyo maana mpaka uondoke bado analala kule Ujiji. Wewe hujui kama yeye ana kinyongo. Nimekaa katikati yenu wiki tatu nikiwa na jibu la wote wawili, nikawa namshonea huyu shati na kumfulia yule blauzi, sisemi. Hilo nalo ni kosa, nimelimaliza leo.

Kwa hiyo nenda kasome sheria. Usiisome ili kumlipa baba yako, huna unachodaiwa. Isome kwa sababu ulipokuwa na kisu cha viazi mkononi uliuliza swali ambalo wakili alishindwa kulijibu. Watakuja vijana wengine wa pwani hii, na wa mbali, watakaovuka na kushika bunduki za watu kwa sababu ya ndugu, au ya hasira, au ya ahadi za uongo, na watarudi. Kila mmoja atasimama mbele ya hakimu asiyejua habari za kwao. Awepo mtu wa kueleza.

Na jambo la mwisho. Unajua baba yako bado yuko chini ya uangalizi wa polisi, anaripoti, na hawezi kutoka mkoa huu bila ruhusa. Leo asubuhi ulipokuwa bado umelala alivaa lile shati jipya, akaenda kituoni kuandika ombi. Nilitoka nikakutana naye njiani, nikamsindikiza. Afande akamuuliza, "Safari ya wapi, mzee?" Akasema Dar es Salaam. "Sababu?" Baba yako, aliyevuka ziwa zima bila kumuaga mtu wa serikali, akashika kalamu ya pale mezani, akaandika kwa herufi kubwa kubwa, nikachungulia begani kwake, kwenye lile kovu: *Kumtembelea binti yangu anayesomea sheria.*

Afande akasoma, akagonga mhuri, akasema hongera.

Kwa hiyo usibadilishe kitu kabla hatujafika. Karatasi tunayo, tiketi tutakata, na kabla mwezi huu haujaisha utatuona wawili tunashuka kwenye treni, mimi na mume wangu, na yeye ndiye atakayebeba sahani.

Mama yako,
Zaituni